Ngoma Mama Katika Chumba cha Kufulia

Deo alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Hässelby, mikono yote imejaa unga wa kukaangia samaki, na kama kawaida yake hakusalimia. "Riziki, Madan Solanj anatimiza miaka makumi munane. Anasema atacheza." Nikamwuliza atacheza vipi mtu aliyebadilishwa nyonga zote mbili. "Miye sijui. Anasema atacheza. Sasa anauliza nani atapiga mama." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza, kwa kuwa Deo anajua jibu, na mimi najua kwamba analijua, na huko kunyamaza kwake ndiko kunitania kwake tangu ujana. Nilipokata simu samaki walikuwa wameungua upande mmoja. Binti yangu aliingia akifuata harufu, akaniuliza kwa Kiswidi kuna nini. Nikamwambia mama yako ameitwa kazini. Akasema, lakini leo ni Jumapili. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kugonga meza, unga unaruka, na moyo unanienda mbio kama wa msichana aliyeitwa kwenye harusi ya mtu anayempenda.

Mwaka ninaousimulia ni ule niliopanga chumba Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mdomo wangu mrefu kuliko Kiswidi changu, na nilikuwa nimechoka kulala kwenye makochi ya watu wa kanisa. Katika kantini ya shule ya Kiswidi alikuwepo mama mmoja wa Haiti aliyegawa chakula. Siku moja alinisikia nikilalamikia viazi kwa Kifaransa, akaniwekea kiazi cha ziada kwa makusudi, akasema, "Mwenye mdomo kama huo ana mahali pa kulala kweli?" Huyo ndiye Madan Solanj. Wiki ile ile nikahamia kwao. Mumewe tulimwita Tonton Reno, na kwao madan ni bibi, tonton ni mjomba. Aliendesha treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu, na alipopita kituo chetu akiwa kazini mkewe alitazama saa ya ukutani na kusema, "Huyo anapita," kama vile mume amepita uani.

Chumba changu kilikuwa kimebanana na jiko, ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo nilijua kila kitu: nani ameweka chumvi nyingi, nani amefariki Port-au-Prince, nani amedanganya kwenye simu kwamba hayupo. Kikreoli chao nilikishika upesi kwa mkia wa Kifaransa. Jumamosi walipika wali mweusi kwa uyoga mkavu uliotumwa kutoka kwao, na kando yake kabichi ya siki na pilipili iliyonitoa machozi ya furaha, kwa kuwa kwa miezi mingi nilikuwa nakula chakula kisichonigombeza. Mimi nikawapikia ugali kwa semolina ya dukani, maana unga wa mahindi haukupatikana kirahisi. Tonton akaonja, akatafakari, akasema hata kwao wanao, ila kwao wanautia chumvi kwa sababu hawana ugomvi na mtu. Nilicheka hadi nikakosa adabu mezani.

Alhamisi jioni walifundisha ngoma na densi za kwao katika ukumbi wa chini wa jengo letu. Tulikuwa wachache: Wahaiti wenyewe, Waswidi wawili watatu wenye soksi nene, mimi, na Deo, Mrundi, fundi wa kompyuta wa Kista, aliyekuja na fimbo zake mwenyewe. Ngoma zilikuwa tatu. Ile ndogo inashika mwendo mmoja tu, haitoki. Ya pili inazungumza nayo. Na ile kubwa, iliyonifika kifuani, wanaiita manman, yaani mama, na Tonton aliichonga mwenyewe kwa gogo la mti ulioangushwa na upepo karibu na ziwa, akaivika ngozi ya ng'ombe. Densi ya kwanza niliyofundishwa ni yanvalou. Unainama, unapiga magoti nusu, mgongo unapita mawimbi kuanzia kiunoni hadi shingoni, na unaendelea kushuka hadi uone mapaja yanawaka. Hapo ndipo ngoma mama inapoacha mwendo wa wenzake na kuuvunja. Wanaita kase, kuvunja. Mwili wako nao unavunjika, unaruka juu, unapumua, kisha mnarudi chini pamoja. Mimi Mpentekoste nilimwuliza Madan Solanj kama hii ni ibada. Akanitazama juu ya miwani. "Kwetu ni ibada," akasema. "Hapa ni Alhamisi." Nikaona jibu limenitosha, na Jumapili nikaenda kanisani nikiwa na mapaja yanayouma, nikaimba kuliko wote.

Wahaiti wa Stockholm walikuwa wachache kuliko sisi wa ugali, na kila mwezi wa Mei walifanya sikukuu ya bendera yao. Mwaka ule walipewa zamu watu wa Vårby gård, wageni waje hadi kutoka Gothenburg, na Madan Solanj angecheza yanvalou mbele ya watu waliomwona akicheza kwao alipokuwa msichana. Hakulala vizuri kwa ajili hiyo tangu Krismasi. Aliosha sketi yake nyeupe mara nyingi kiasi kwamba Tonton alimwuliza kama anataka kuirudisha kuwa pamba. Basi Februari, asubuhi ya barafu, Tonton alitoka kwenda kazini, akateleza mbele ya mlango wetu, akavunjika mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali na plasta hadi kwenye kiwiko, akaketi, akasema, "Mama amefiwa." Mtu mmoja akapendekeza wapate kaseti nzuri. Madan Solanj alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua hata kichwa. "Sichezi na kaseti," akasema. "Kaseti hainioni."

Maneno hayo sikuyaelewa siku ile. Niliyaelewa Alhamisi iliyofuata, Deo aliposhika mama. Sitamwonea: Deo alikuwa mpiga ngoma hasa, baba yake na babu yake wapiga ngoma, na mikono yake ilitikisa mabomba ya ukumbi. Lakini kwao Burundi mpiga ngoma ndiye anayetazamwa. Anaruka, anajipiga kifua, anazunguka, na ngoma zote zinamfuata. Alipiga vivyo hivyo. Alivunja alipopendezwa yeye, macho darini, meno nje, na Madan Solanj bado yuko chini katikati ya wimbi. "Deo," akasema kwa upole wa mtu anayejizuia, "mgongo wangu bado haujafika." Wakaanza upya. Safari hii alivunja kachelewa, mama wa watu anatetemeka magoti. Mimi nilikuwa nacheza nyuma yake, nauona ule mgongo, na kila ulipofika pale panapodai kuvunjwa, mkono wangu ulijipiga pajani wenyewe. Pa. Pa. Sikujua kama nafanya hivyo. Tonton, plasta imelala mapajani, hakuwa anamtazama Deo wala mkewe. Alikuwa analitazama paja langu.

"Pitit, njoo hapa," akaniambia, ndiyo kusema mwanangu. "Piga." Nikashika fimbo kwa mkono mmoja, mwingine wazi, nikapiga ovyo kama mtu anayetwanga pasipo kinu. Lakini Madan Solanj aliposhuka, nikavunja, na mgongo ukainuka pamoja na mkono wangu. Ilitokea mara moja tu. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia tangu nifike nchi ile, raha ya mtu aliyesema neno na likaeleweka lote.

Deo akaweka fimbo zake chini, polepole, moja juu ya nyingine. "Tonton, nakuheshimia sana," akasema. "Lakini kwetu mwanamuke hapige ngoma. Anaimba, anacheza, sawa. Ngoma hapana."

"Inaitwa mama," nikasema. "Sasa mama apigwe na nani?"

"Riziki, weye una mudomo. Miye nina ba baba yangu kule nyuma. Watanicheka." Akavaa koti lake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alifunga zipu hadi kidevuni, akaaga watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, mimi pia, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa najifanya nimelala, nao wako jikoni na kahawa. "Hata kwetu mwanamke hapigi mama," Madan Solanj alisema. "Usijifanye umesahau." Tonton akasema hajasahau. "Reno, mimi ndiye nitakayekuwa nimeinama. Yule mtoto akikosa kuvunja, watu wote wa kwetu watautazama mgongo wangu ukining'inia kama nguo." Tonton akakoroga kahawa muda mrefu. "Anauona mgongo wako," akasema. "Mimi ilinichukua miaka kuuona, na nilikuwa nimekuoa." Kijiko kikawekwa mezani. "Basi mfundishe," akasema mkewe. "Lakini fimbo yako uniachie mimi. Siku yenyewe nitaamua nimpe au nisimpe. Nisipompa, sichezi." Nikavuta blanketi juu ya kichwa nikauma mto. Hadi leo sijui kama nilikuwa nataka kulia au kuimba. Nilichojua ni kwamba nilitaka fimbo ile kuliko nilivyotaka karatasi za ukaazi, na karatasi za ukaazi nilizitaka sana.

Shida ikawa mahali pa kufanyia mazoezi. Ukumbi wa chini ulikuwa na unyevu, na ngozi ya ng'ombe ikipata unyevu inalegea, inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Tonton tangu zamani alikuwa na dawa yake: mlango wa tatu kutoka ukumbini ni tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo zima, na ndani yake kuna chumba kidogo chenye joto cha kukaushia nguo. Unaweka kufuli lako kwenye ubao wa ratiba, zamu inakuwa yako, unaingiza ngoma. Kila wiki nilikuwa nachukua zamu ya kufua bila hata soksi moja mkononi. Ngozi ikikaza nilikuwa naikokota hadi kati ya mashine, nawasha moja tupu, na mngurumo wake wa kukamua ukawa ngoma yangu ndogo, isiyochoka wala kutoka kwenye mwendo. Baada ya muda pakabandikwa karatasi ukutani: chumba hiki ni cha kufulia. Nikaichukulia kuwa ni habari tu, siyo amri.

Aliyeibandika alikuja siku moja kuhakikisha. Alikuwa Gunvor, bibi wa ghorofa ya pili, mjane, kikapu cha mashuka kiunoni. Aliitazama ngoma ndani ya chumba cha kukaushia. "Hicho ni nini?" Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha kuokoteza kwamba ni ngoma, inakauka. Akafikiri. "Inakaushwa kwa joto gani?" akauliza, kwa uzito ule ule ambao angeuliza juu ya sweta la sufu. Nikamwonyesha. Akapunguza kidogo. "Ngozi ni ngozi," akasema. Kisha akaanza kuanika, maana zamu yangu ilikuwa imebaki na kamba tupu, na kamba tupu kwa Gunvor ni dhambi.

Hapo ndipo mambo yangu yalipofunguka. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimepata mkono, lakini sikuwa na mgongo wa kutazama. Madan Solanj alikataa kuja kufulia. Alisema mchezaji haendi kwenye ngoma iliyo mafunzoni. Na mbele yangu sasa kuna bibi wa Kiswidi anainama kwenye kikapu, anachukua shuka, anashuka, anashuka, anainuka nalo juu. Nikaanza kupiga taratibu. Akiinama ninashika mwendo, akikaribia kuinuka ninavunja. Pa. Shuka juu. Pa. Foronya juu. Akasimama na kibanio mdomoni, akanigeukia. "Unanipigia mimi?" Nikasema ndiyo, samahani. Akainama tena, na safari hii kikapuni hamkuwa na kitu. Akakaa kule chini kwa makusudi, ananipima, nami nikangoja, nikangoja, na alipoinuka ghafla nilikuwa naye. Gunvor akatoa kibanio mdomoni. "Jumanne ninafua mapazia," akasema. "Ni marefu." Kuanzia siku hiyo tulichangia zamu, na ile karatasi ya ukutani ikatoweka yenyewe.

Siku ya sikukuu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliteremka kuitazama mama, nikaigonga kwa kidole, nikasikia mafua. Mbio hadi kwenye ubao: ni Jumamosi, zamu zote zimejaa, na kufuli la asubuhi ni la Gunvor. Nilipanda ngazi na ndala, nikagonga mlango wake. "Mashuka yangu yamo," akasema. Nikasema najua. "Basi yasogeze," akasema, "usiyatoe." Hivyo ndivyo mama ilivyokauka asubuhi ile, imezungukwa na mashuka ya maua ya samawati, mimi nimeketi kwenye kikapu kilichopinduliwa. Ng'ambo ya uwanja wageni walikuwa wameshaanza kuingia ukumbini, na dirishani nasikia viti vinaburutwa na wanawake wanacheka kwa Kikreoli. Nani angepiga ngoma ya pili hakuna aliyejua. Mlango ukafunguka, na aliyeingia ni Deo, koti limelowa.

Hakusalimia. Alizunguka ngoma, akaigonga, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Jumanne nilipita hapo inje," akasema. "Nilikuja kuchukua kitu kwa Tonton. Nikasikia kwenye dirisha."

"Ukasikia nini?"

"Mukono wako wa kushoto ni muzaifu."

"Basi, Deo? Umekuja na mvua yote hii kuniambia hivyo?"

"Nimekuja kukaa upande wa kushoto," akasema. Kisha akachukua taulo la Gunvor kwenye kamba bila ruhusa, akalisokota likawa ngata, akaliweka kichwani. "Saidia. Ukiivuta kwenye maji ngozi itaharibika. Na kwetu ngoma haivutwe chini." Tuliiinua pamoja. Ukumbi wa sikukuu ulikuwa jengo la ng'ambo, kwa hiyo alikatiza uwanja wote na mama kichwani, shingo imenyooka, mikono haishiki chochote, kama walivyotembea baba zake, naye Gunvor, aliyekuwa ameteremka kuyafuata mashuka yake, yuko ubavuni akinyoosha mwavuli juu ya ngoma, siyo juu ya mtu. Wageni waliokuwa wanavuta sigara mlangoni walizizima sigara zao na kupisha njia.

Ndani, Madan Solanj alikuwa amesimama katikati, sketi nyeupe, kitambaa cheupe kichwani, fimbo ya Tonton mkononi. Alikiona kichwa cha Deo, akaiona ngoma, akaniona mimi nyuma yake na ndala zangu zinazovuja maji. Wazee wa kwao kwenye viti vya mbele walinong'ona, na nilisikia neno la Kikreoli la msichana likipita mstari mzima. Tonton aliketi na mkono wake mwembamba uliotoka kwenye plasta, akajitia kutazama dari. Madan Solanj alinijia hadi karibu, nikasikia harufu ya sabuni ya sketi. "Nitazame mgongo," akasema. "Uso usiutazame. Uso wangu leo una woga, utakudanganya." Akanipa fimbo.

Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka kile kipande cha chuma cha kuanzishia mwendo kikilia, ngoma ndogo ikashika, na Deo kushotoni akaweka mapigo yake chini ya mkono wangu dhaifu, imara kama sakafu. Madan Solanj akashuka. Akapita wimbi la kwanza, la pili, akashuka zaidi kuliko Alhamisi yoyote niliyomwona, na mzee mmoja akainuka kitini aone. Nilitamani kuvunja, mkono unaniwasha, watu wote wanangoja. Mgongo haukuwa umefika. Nikangoja. Hapo, chini kabisa karibu na kiuno, nikaona kitu kama pumzi. Nikavunja, naye akaruka, mwanamke wa karibu miaka sitini, mikono juu, na wale wazee wote wakatoa sauti moja. Nilifurahi hadi nikadhani nitaanguka juu ya ngoma. Tulivunja tena na tena. Kwenye mlango Gunvor alikuwa amesimama na taulo lake, na kila kase ilipofika, nilimwona ananyoosha mgongo wake pia. Baadaye tulikula supu ya maboga, Tonton akala kwa mkono wa kushoto, akaniambia nilichelewa mara mbili. Mkewe akamwambia anyamaze ale.

Gunvor hayupo tena, na Tonton alitutoka miaka mingi iliyopita. Lakini Jumamosi niliyoitiwa na Deo ukumbi ulikuwa ule ule, na mama ilikuwa ile ile, imekaushwa tvättstuga ambako siku hizi zamu zinachukuliwa kwa simu. Deo ana mvi na kitambi, aliibeba kichwani hata hivyo, nikamfuata nikimgombeza juu ya shingo yake. Madan Solanj walimketisha kwenye kiti chenye mikono, kitambaa cheupe kichwani. Nilipokaa mbele yake akanitazama juu ya miwani. Tukaanza. Mabega yake yakapita wimbi dogo, kisha jingine, na watu wakapiga makofi kwa huruma wakidhani ndiyo densi yenyewe imekwisha. "Vunja," Deo akanong'ona, "utamuchokesha." Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nautazama mgongo, na mgongo ulikuwa bado unashuka, taratibu, kuelekea magotini, mikono yake imeshika kiti. Nikashika mwendo muda mrefu kuliko nilivyowahi kuushika maishani. Ndipo karibu na kiuno nikaiona ile pumzi. Nikavunja kwa nguvu zangu zote, na Madan Solanj akainuka kutoka kitini, akasimama juu ya miguu yake miwili, mikono hewani, hakuna aliyemshika. Ukumbi wote ulipiga kelele. Yeye hakuugeukia. Aliyumba kidogo, akajirekebisha, akaninyooshea kidole kama vile ni Alhamisi.

"Tena," akasema.